Kalebu Aliomba Mlima, Sisi Tunaomba Kiti



Leo sitakuhubiria sana. Leo nataka kutubu jambo moja mbele yako, kisha nitakuomba kitu kimoja.

Mwaka jana, kwenye kesha la Ijumaa, nilipiga magoti madhabahuni kama kawaida yangu. Tuliomba karibu saa nzima. Nilipotaka kusimama, miguu ilikataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Wahudumu wawili wakaja mbio, wakanishika kwapa huku na huku, wakaniinua. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Watu walijua ni upako umenizidi. Wengine walianza kulia na kuinua mikono.

Mpendwa, haukuwa upako. Yalikuwa mapaja.

Nilikuwa na miaka 49 na kilo 104, na mapaja yangu hayakuwa na nguvu ya kuuinua mwili niliokuwa nimeujaza mwenyewe. Nilijua hivyo pale pale madhabahuni. Na nilinyamaza. Niliacha watu wa Mungu waamini kilichowafurahisha. Hilo ndilo ninalolitubu leo.

Wiki iliyofuata nilienda hospitalini kimya kimya, nikavaa kofia ili waumini wasinitambue. Sukari yangu kabla ya kula chochote asubuhi ilisoma 8.4. Kuanzia 7.0 daktari anaanza kuuita ugonjwa wa kisukari. Wakanipima tena siku nyingine, ikawa ile ile. Presha nayo ilikuwa juu. Mchungaji aliyekuwa akiwaombea wengine sukari ishuke alikuwa anatembea nayo bila kujua.

Sasa fungua Biblia yako. Nenda 1 Samweli sura ya 4. Utamkuta kuhani Eli ameketi kwenye kiti chake kando ya njia. Ana miaka 98. Inakuja habari mbaya kwamba sanduku la Mungu limetekwa, anaanguka chali kutoka kwenye kile kiti, shingo inavunjika, anakufa. Mwandishi wa kitabu hakuficha sababu: alikuwa mzee, tena alikuwa mzito. Rudi nyuma kidogo mpaka sura ya 2, utaona kwamba nyumba ile ilikuwa imejinenepesha kwa sadaka za watu. Sisemi Eli alikufa kwa sababu ya unene peke yake. Habari za sanduku ndizo zilizomwangusha. Lakini Roho Mtakatifu aliona ni muhimu tujue kuhusu uzito wake.

Kisha nenda Yoshua sura ya 14. Pale kuna mzee mwingine, Kalebu, mwenye miaka 85. Huyu anamwambia Yoshua kwamba nguvu alizokuwa nazo Musa alipomtuma kupeleleza nchi, akiwa na miaka 40, bado anazo. Kisha anaomba zawadi yake. Haombi nyumba karibu na maji. Haombi kiti cha mbele. Anaomba mlima, tena mlima wenye majitu.

Mwaka jana nilijiuliza swali ambalo nakuuliza leo: kati ya hawa wazee wawili, unaelekea kwa nani?

Tunaishi Eldoret, mpendwa. Tarehe 15 Agosti 2024 tulipewa hadhi ya jiji, na sote tunajua jina letu: Jiji la Mabingwa. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi ukatoka kwenye barabara ya Iten au ukaenda Kaptagat, utawaona wamejipanga mistari, miguu myembamba, pumzi inatoka kama mvuke wa chai. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia kule Vienna umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, nilikuwa mjini hapa nikitazama kwenye skrini pamoja na umati. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Mkononi nilikuwa na soda ya nusu lita na mandazi mawili. Nilihesabu ushindi ule kuwa wangu pia, kwa sababu natoka mji mmoja na wale wakimbiaji.

Hapa ndipo shetani ametuchezea, watu wa Eldoret. Tumefikiri ubingwa ni wa hewa. Tumefikiri ukizaliwa juu huku, mita elfu mbili na zaidi kutoka usawa wa bahari, basi wewe ni mwenye afya.

Tena tunajitetea kwa ugali. Nimesikia mara nyingi: "Pasta, hata wakimbiaji wanakula ugali na chai ya sukari. Mbona wao hawaugui?"

Ni kweli wanakula. Mwaka 2004 watafiti, miongoni mwao Mike Boit, yule yule aliyeshinda shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji wetu hodari. Waliona kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye vyakula vya wanga: ugali, wali, mkate, viazi, pamoja na sukari ya kwenye chai. Sahani yao na yangu zilifanana sana.

Lakini mtu kama Kipchoge anakimbia karibu kilomita 200 kwa wiki. Mimi nilikuwa natembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, na kutoka kwenye gari mpaka mimbarini. Tumechukua sahani ya bingwa, tukamwachia miguu yake.

Acha nikueleze jinsi daktari alivyonieleza, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniambia na nilikuwa na umri wa babu mtarajiwa.

Misuli yako ni ghala. Ukila ugali, chapati au viazi, tumbo linavigeuza kuwa sukari, nayo inaingia kwenye damu. Sehemu kubwa ya sukari hiyo inatakiwa iende kwenye misuli ikahifadhiwe, mpaka utakapoitumia. Insulini ndiyo ufunguo wa mlango wa ghala. Sasa mtu anayekaa siku nzima hapunguzi chochote kwenye ghala lake. Asubuhi limejaa, mchana unaleta gunia lingine, jioni jingine. Mwisho mlango unaanza kukwama. Kongosho linatoa insulini zaidi na zaidi kusukuma mlango ule ule. Sukari isiyopata pa kuingia inabaki kwenye damu, na nyingine inageuzwa kuwa mafuta, yanarundikana kwenye ini na ndani ya tumbo. Miaka inapita bila maumivu. Kisha siku moja ni macho, au figo, au miguu inayokufa ganzi, au moyo.

Na hili ndilo lililonifanya nikae kimya ndani ya chumba cha daktari: misuli inapofanya kazi, inafungua mlango wake yenyewe. Unapopanda kilima, unapolima, unapobeba jeri, misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama ule ufunguo umelegea. Mungu aliweka mlango wa pili, na ufunguo wake ni kutembea.

Kwa hiyo kuna mambo mawili. Ukubwa wa ghala, na kama linatumika. Na ghala lenyewe linapungua. Kuanzia miaka ya thelathini misuli huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya sitini hupungua kwa kasi zaidi, isipokuwa mwenye nayo aitumie. Ndiyo maana mtu mwembamba naye asinicheke. Unaweza kuwa mwembamba, misuli imekwisha, na sukari iko juu. Kipimo si kioo.

Jipime sasa hivi. Chukua kiti cha kawaida kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani. Simama wima, keti, simama, keti, mara tano, haraka uwezavyo, bila kushika chochote. Madaktari wa wazee hutumia kipimo hiki. Ukipita sekunde 15, ni dalili kwamba misuli ya miguu imedhoofika. Kama magoti yanakuuma au unapata kizunguzungu, usijaribu peke yako. Mimi, baada ya lile kesha, nilisimama mara tatu tu, ya nne nikashika meza.

Usidhani naongea juu ya watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS, uliofanywa na serikali mwaka 2015, ulikuta asilimia 27 ya watu wazima Kenya wana uzito uliozidi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Hapa kwetu, mpango wa AMPATH ulianza mwaka 2001 kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI, wakati tulipokuwa tunazika watu kila wiki. Leo mpango huo huo unahudumia pia wagonjwa wa sukari na presha.

Sasa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wachungaji wenzangu. Kanisa limechangia ugonjwa huu.

Tumefundisha watu kwamba kitambi ni ushahidi wa baraka. Mchungaji akikonda, waumini wananong'ona kwamba huduma imeyumba. Akinenepa, wanasema Bwana amemwona. Tukiwatembelea waumini, mama wa nyumba anaona aibu akitupa managu. Anakopa ili atupikie chapati, wali, nyama ya kukaanga na soda ya nusu lita, ambayo ndani yake kuna zaidi ya vijiko kumi vya chai vya sukari. Tunabariki chakula, tunakula, tunaenda nyumba inayofuata, tunakula tena. Siku moja nilikula chakula cha mchana mara tatu na nikaita huduma.

Tunafunga siku 21 Januari, jambo jema. Lakini jioni tunafungua kwa mandazi na chai iliyojaa sukari, kama watu wanaolipiza kisasi. Na hatuwaulizi wanaotumia dawa za sukari kama wamezungumza na daktari kabla ya kufunga. Mtu anayechoma insulini akikaa bila chakula, sukari inaweza kushuka ghafla mpaka azimie. Hatafunga vizuri akiwa amezimia.

Na kuna jambo baya zaidi. Miaka michache iliyopita mzee mmoja alisimama kwetu kutoa ushuhuda. Alisema ameombewa, amepona sukari, dawa amezitupa chooni. Kanisa lilipiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimemwombea mimi. Sikumuuliza kama amepimwa. Miezi kadhaa baadaye nilimtembelea wodini, na mguu mmoja haukuwepo. Hakunilaumu. Alinishika mkono akaniuliza, "Pasta, ni imani yangu ilipungua?"

Mpendwa, swali hilo nimelibeba mpaka leo. Nilimwambia hapana. Nilimwambia aliyekosea ni mimi.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Mimi naamini Mungu anaponya. Naamini hivyo kuliko nilivyoamini mwanzo. Lakini Bwana Yesu alipowaponya wenye ukoma aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa wakikagua ugonjwa ule. Kama umepona, kipimo kitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza dawa. Uponyaji hauogopi kupimwa. Kwetu hakuna tena ushuhuda wa kuacha dawa bila karatasi ya hospitali.

Sasa utaniuliza, "Pasta, tufanye nini?" Nitakupa ninayoyafanya mimi, na unaweza kuanza leo.

Kwanza, tembea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu kidogo. Ni nusu saa kwa siku tano. Kutoka Langas kwenda mjini si safari ya kuogopa. Shuka kwenye matatu kabla ya kituo chako, umalizie kwa miguu. Mimi sasa nawatembelea waumini kwa miguu, na nimegundua kitu: watu wananisimamisha njiani na kuniambia mambo ambayo hawangeniambia nikiwa kwenye gari.

Pili, tumia nguvu. Kutembea ni kuzuri, lakini hakutoshi kulinda misuli. Shirika hilo hilo linasema siku mbili au zaidi kwa wiki tufanye kazi ya kuimarisha misuli yote mikubwa. Si lazima ulipie jimu. Simama na kuketi kwenye kiti mara kumi, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono. Beba jeri mbili za maji, kila mkono moja, zunguka boma. Shika jembe. Gogo zetu waliobeba kuni na kusaga wimbi hawakujua neno mazoezi, na wengi wao waliinama kuokota sindano wakiwa na miaka themanini.

Tatu, badilisha sahani, usiifute. Sijakukataza ugali. Nimesema upungue uwe robo ya sahani. Robo nyingine iwe chakula cha kujenga misuli: maharagwe, ndengu, mayai, omena, samaki, nyama kidogo au maziwa. Mursik ni zawadi tuliyopewa, inywe bila kuitia sukari. Nusu ya sahani iwe mboga: managu, saga, kunde, terere, sukuma wiki. Mboga hizi zinaota hata kwenye gunia nyuma ya nyumba ya kupanga. Githeri yenye maharagwe mengi ni chakula cha heshima. Ukiweza, sagisha mahindi yako kwa posho mili bila kuyakoboa. Soda iwe ya harusi, tena moja.

Nne, lala. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Ndipo akatembea siku arobaini mpaka Horebu. Anayekesha kila usiku na kula usiku wa manane anauumiza mwili wake, hata kama anakesha kwa maombi.

Tano, jipime. Presha haina sauti. Sukari haina sauti. Ukishapita miaka arobaini, au kama kwenu kuna mgonjwa wa sukari, usingoje dalili.

Je, inafaa kitu? Kule Marekani watafiti waliwachukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajafikia ugonjwa. Kundi moja lilipewa dawa. Kundi jingine lilisaidiwa kubadilisha chakula, kupunguza uzito kidogo, asilimia 7 hivi, na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Dawa ilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 31. Mwendo na sahani vilipunguza kwa asilimia 58. Hesabu mwenyewe.

Mimi nilichelewa, nilikuwa nimeshaingia kwenye ugonjwa. Bado nameza dawa kila asubuhi na sioni aibu. Lakini sukari yangu imeshuka, daktari amepunguza dozi, na kilo 13 zimeondoka. Sijawa Kipchoge. Juzi nilipanda kilima nikienda kumzika mama wa muumini wetu, vijana walikuwa wanapumzika njiani, mimi nikapita polepole bila kusimama. Moyoni nikasema, Bwana, nipe mlima huu.

Simwaibishi mtu mnene, na anayemcheka mwenzake kwa sababu ya mwili wake sitaki amina yake. Najua kuna miili inayopata uzito kwa dawa, kwa uzazi, kwa urithi. Najua pia kuna anayekula ugali mtupu kwa sababu hana kingine, na huyo hahitaji mahubiri yangu, anahitaji nigawane naye ndengu zangu. Ninayemsema ni yule mwenye uwezo wa kuchagua, aliyechagua kiti. Nilikuwa mimi.

Ombi langu sasa. Jumapili hii, baada ya ibada, hatutakuwa na chai na mandazi. Akina mama wamekubali kutupikia githeri na managu, na kutakuwa na uji wa wimbi. Kisha tutatembea pamoja, wazee, vijana na watoto, dakika thelathini tu. Asiyeweza kutembea atafanya mazoezi ya kiti, nami nitakuwa naye. Kabla ya kuondoka kutakuwa na muuguzi wa kupima presha na sukari bila malipo. Nitapimwa wa kwanza, mbele yenu, na namba itasomwa kwa sauti. Sitavaa kofia.

Na kesha la Ijumaa tutapiga magoti. Ukiona nimeinuka mwenyewe, piga vigelegele. Hiyo nayo ni kazi ya Mungu.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa nyumba yako tuliyoiacha ibomoke huku tukikuimbia ndani yake. Wakumbuke walioko wodini leo. Wape madaktari na wauguzi wetu nguvu. Tupe uzee wa Kalebu, tukuombe milima na tuweze kuipanda. Katika jina la Yesu, amina.

Kama una mzazi, shangazi au mchungaji aliyezoea kiti, mtumie ujumbe huu. Kisha umpigie simu, mtoke mkatembee naye.